Mtani wa Kidete

Katika duka la kuchapa na kutoa kopi alikofanya kazi, Mikumi, kando ya barabara kuu, Bryson alikuwa na gemu moja kwenye kompyuta, na hakuwahi kulimaliza. Wateja wakipungua mchana alilifungua. Kabla safari haijaanza, gemu lilimtaka mchezaji aamue shujaa wake ametoka wapi: ni mwana wa mhunzi, yatima wa vita, au mtoto wa mfalme aliyefukuzwa. Bryson aliamua, akatembea hadi kijiji cha kwanza, kisha akafuta na kuanza upya.

"Wewe kazi yako kuzaliwa tu," Ulimboka, mwenye duka, alimcheka. "Utakua lini?"

Bryson alibofya kuanza upya. Babu yake aliletwa Kilosa kwa treni kukata mkonge, akafia kambini bila kumwambia mtu alikotoka. Baba yake alizaliwa humo kambini na akafia humo. Serikali ilipoliuza shamba, wazee wa kambi walitawanyika, na wa kuulizwa hakubaki. Watu wakimuuliza kwao ni wapi, Bryson alijibu, "Kambini," nao wakasubiri aendelee.

Mwaka 2003 alimpenda Yudith, fundi cherehani wa chumba cha jirani, binti wa Wasagara wa Kidete. Baba yake, Mzee Nikolaus, alikwisha kusema kwamba hamwozi binti yake kwa mtu asiye na kwao. Ulimboka alikubali kuwa mshenga, na kabla ya kuondoka alimwendea Bryson.

"Wataniuliza wewe nani. Niseme nini?"

Bryson alikuwa ameshika kipanya. "Sema Mnyamwezi."

"Mnyamwezi wa wapi, ndugu yangu?"

"Wa Tabora. Babu si alikuja na treni?"

Hakujua alichokichagua. Wasagara wale na Wanyamwezi ni watani, huitana watumwa tangu enzi za misafara, Wanyamwezi walipopita huko wamebeba pembe za ndovu. Ulimboka alipolitaja kabila, Mzee Nikolaus alijipiga paja.

"Kumbe ni mtumwa wetu ndiye anayetaka mke! Mbona hamkusema mapema?"

Shangazi Marselina, dada wa mzee, alimvua Ulimboka kofia na kuivaa mwenyewe. Posa ikapokelewa kwa vicheko, na ndoa ikafungwa.

Mkwe hataniwi, lakini Mzee Nikolaus alishikilia kwamba utani ulitangulia ukwe. Kila Bryson alipofika Kidete na kusema, "Shikamoo, baba," mzee alijibu, "Marahaba, mtumwa. Mzigo wa pembe umeutua wapi?"

"Mlangoni, baba. Nenda kaulinde, hapa Wasagara ni wengi."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Kisha alimkalisha karibu yake, akamsogezea sahani iliyokuwa imefunikwa tangu mchana. Hakuna mwanamume aliyewahi kumngoja Bryson na chakula. Njiani kurudi Mikumi moyo ulimwelemea, na siku moja alimwambia Yudith kwamba angemweleza mzee ukweli.

"Atapoteza mtani na mkwe kwa mpigo mmoja," Yudith alisema, binti yao akiwa mgongoni. "Na wewe utabaki na nani? Nyamaza, baba Joyce."

Akanyamaza. Miaka mitano baada ya posa ile, Mzee Nikolaus alifariki. Bryson alifika msibani macho yamevimba, akitaka tu kukaa mkekani na wafiwa alie. Shangazi Marselina alimpokea uani.

"Huyo mtumwa kafika! Mleteeni koti la marehemu!"

Mtani halii msibani. Kazi yake ni kuwachekesha wafiwa: huvaa nguo za marehemu, humwigiza, huwazuia wachimba kaburi mpaka alipwe chochote. Walimvisha koti, wakampa na fimbo. Koti lilinukia tumbaku ya mzee. Bryson alichechemea kama yeye, mguu wa kushoto nyuma, akapaza sauti: "Mzigo wa pembe..."

Sauti ikamkatikia. Alilia kwa kwikwi, mabega yakitikisika ndani ya koti, na alipojaribu kujizuia akazidi.

Ua mzima ukacheka. "Muone, analia kama mjane!" mtu alipiga kelele. Mjane mwenyewe alicheka, akifuta machozi kwa khanga.

"Mtani kweli huyu!" Shangazi Marselina alipiga makofi. "Lia, mtumwa! Ongeza!"

Bryson alimtafuta Yudith kwa macho. Alikuwa mkekani, kainamisha uso, hawezi kunyanyuka. Basi Bryson akaendelea kulia, na watu wakamcheka mpaka jeneza likatolewa.