Mtoto Mliyenipa Nimwogeshe

Kabla ya tetekuwanga nilikuwa mwanamke wa kubeba mihogo kutoka shambani hadi mjini Baraka nikiimba njia nzima. Nilizaliwa juu milimani, Itombwe, kwenye kijiji kidogo ambako magonjwa ya ziwani yalikuwa hayajapanda. Nikaolewa huku chini kando ya ziwa, nikapata mimba.

Ukoo wa mume wangu una desturi: bibi-arusi mwenye mimba ya kwanza hupewa mtoto mgonjwa wa ukoo amlee hadi apone, ili mikono yake ijue kazi ya mama. Mama mkwe akaniletea mtoto wa wifi yangu, mwili mzima malengelenge.

"Mama, mi sijaugua hii," nilimwambia.

"Kila mutu aliiugua. We umesahau tu."

"Kwetu haikufika."

"Kwenu muko bantu ao muko mbuzi?"

Wanawake wakacheka. Nikamwogesha mtoto, nikalala naye.

Alipokwisha kurudi kucheza mchangani, homa ikanishika mimi. Malengelenge yakajaa kichwani, mdomoni, hata pale ninapoona aibu kupataja. Yakapasuka, yakanuka. Shemeji yangu akachungulia mlangoni.

"Angalia mama muzima na ugonjwa ya batoto. Tumutafutie ziwa anyonye?"

Nilikuwa nimeanza kukohoa.

Wakafunga mlango, wakachoma majani mabichi ili moshi ukaushe vidonda. Nilitema damu. Kucha zikabadilika rangi kama maji ya ziwa siku ya mvua. Nikamshika mama mkwe nguo yake.

"Munipeleke hospitali."

"Nani anapelekwaka hospitali juu ya tetekuwanga? Batatucheka."

Aibu yao ilikuwa nzito kuliko pumzi yangu, na kuliko mtoto aliyekuwa tumboni.

Mume wangu aliporudi kutoka Lweba hakumwuliza mtu. Alinitoa moshini, akaita wenzake wanibebe kwa kipoyi, machela ya miti. Hospitalini munganga alisikiliza mgongo wangu, kisha akawageukia watu wa ukoo waliotufuata.

"Nani alimupa mwanamuke ya mimba mutoto ya malengelenge?"

Akanisikiliza tena mgongo.

"Kwa mutoto ni upele tu. Kwa mutu mukubwa inaweza kuingia kifuani. Kwa mwenye mimba ni mubaya zaidi. Na nyinyi mukamuongezea moshi."

Alinikalisha wima penye hewa, akanidunga sindano. Nikalala nimeketi, pumzi kwa pumzi. Nilipona. Mtoto wangu alizaliwa kabla ya wakati wake, na hakulia. Msiniambie Mungu alipenda. Mungu hakuja kwangu na mtoto mgonjwa na beseni.

Baadaye shemeji yule yule alioa. Mkewe akapata mimba, na mama mkwe akaja amembeba mjukuu mwingine mwenye malengelenge. Nikasimama mlangoni mwa bibi-arusi.

"Mudogo wangu, ulisha kuugua hii?"

Bibi-arusi akatikisa kichwa.

"Basi mumulete kwangu," nilisema, nikafunua mikono yenye makovu. "Mi nilisha kuiugua."

"Na desturi?" akauliza mama mkwe.

"Desturi ilikula mutoto wangu. Imeshiba."

Akanipa mtoto.

Namshukuru mume wangu, namshukuru munganga, namshukuru Mungu aliyenirudishia pumzi. Nanyi mnaonisikia, mwanamke akiwaambia kwamba hajaugua, msimcheke. Mwondoleeni mtoto huyo mikononi. Na mtu mzima akianza kukohoa, fungueni mlango, mbebeni.

Mtoto wa bibi-arusi alizaliwa akilia. Nilisimama nje ya nyumba nikamsikiliza mpaka akanyamaza.