Anayebana harusi ya saa tatu iingie kwenye sidii moja

"Huyu si baba. Hili ni rundo la tofali."

"Tofali gani? Si ndiye huyo, na koti lake la kijivu?"

"Koti nimeliona. Mdomo uko wapi? Umemfuta baba yangu mdomo!"

"Sauti si unaisikia? Kuna neno limepungua?"

"Mimi nasikia. Mama hasikii!"

 Mwanamke ambaye mtaa mzima unamwita Mama Banabana anaachia kipanya cha kompyuta kibandani kwake. Anamtazama mteja wake, kinyozi wa duka la tatu kutoka hapo, halafu anamtazama mama wa kinyozi, aliyekaa kwenye benchi la mlangoni na mkoba mapajani. Mama huyo haangalii skrini. Anaangalia midomo ya hao wanaogombana, zamu kwa zamu.

"Maradhi yalimchukua masikio mimi bado nanyonya," anasema kinyozi. "Anasoma midomo."

"Na hukuniambia."

"Hukuniuliza."

Kweli hakuuliza. Asubuhi yote imeharibikia hapo.

Kazi ya Mama Banabana ni kuchoma sidii. Unamletea harusi, mahafali au ubatizo kwenye flashi, yeye anakupa sidii ya kuweka kwenye deki. Tusidanganyane, kazi imedoda. Vijana wanaangalia kila kitu kwenye simu. Lakini wazazi wao bado wana deki, na deki haijui simu. Wiki nyingine anapata wateja wawili, nyingine anafuta vumbi na kuuza chaja.

"Watu wanadhani nabonya tu," anasema. "Sidii ni begi, bwana. Nguo ni nyingi, begi halinyooki. Lazima ujue ipi uikunje, ipi uiviringishe, ipi uiache nyumbani."

Kukunja kwenyewe kuko hivi. Programu inamuuliza kila sekunde ya picha ilishwe nafasi kiasi gani. Akiilisha sana, sura inang'aa mpaka unaona kidevu kilichonyolewa vibaya, ila sidii inajaa keki haijakatwa. Akiinyima, harusi yote inaingia, lakini watu wanageuka vijisanduku. Sidii inastarehe na saa moja, inavumilia mbili. Harusi ya kinyozi ni saa tatu.

Kwa hiyo anaikata vipande, kila kipande anakipa namba yake. Kanuni aliipata kwa kuharibu kazi za watu: penye fujo mimina, penye utulivu bana. Wacheza ngoma wanarukaruka, picha inabadilika kila mara, hao wanakula sana. Mtoa hotuba kasimama tu kama mlingoti. Huyo anabanwa.

Ndiyo maana alimbana baba wa kinyozi. Mzee huyo alifariki miezi michache baada ya harusi, na kwa anavyojua kinyozi, hakuna mahali pengine alipopigwa picha akiongea.

"Si mweke sidii mbili?" anauliza mshona viatu wa kibanda jirani, ambaye hakuna aliyemuuliza.

"Deki ya mama mlango wake ukifunguka haurudi mpaka niende nikaupige kofi," anajibu kinyozi. "Nami nakaa mbali. Ikiingia moja, imeingia. Ya pili ataisikia kwenye bomba."

Mama Banabana anafungua kazi upya. Anaimiminia hotuba mpaka meno ya marehemu yanahesabika, kisha anamwashiria mama asogee.

"Hii niliisoma siku ile ile," anasema mama kwa sauti nzito isiyopanda wala kushuka. "Nilikaa mbele kabisa. Peleka kwenye ngoma."

Kinyozi na Mama Banabana wanatazamana. Kwenye ngoma? Ngoma ina shangazi yake kinyozi, dada wa marehemu, amejaza skrini anazunguka na kitambaa.

"Hapo. Nyuma ya bega lake."

Nyuma ya bega la shangazi kuna meza, na kwenye meza kuna kichwa kidogo kama punje ya mahindi. Mdomo wake unacheza. Mama anacheka peke yake.

"Kasema nini?" anauliza Mama Banabana, uso wake ameugeuza ili midomo ionekane.

"Kasema viatu vipya vimemtoa roho. Na dada yake akizunguka tena hivyo, meza itavunjika."

"Baba alikuwa anaongea na nani pale?"

"Na mimi. Nilikuwa ng'ambo ya ukumbi. Maisha yetu yote ndivyo tulivyofanya kwenye shughuli. Nyie mnapiga kelele, sisi tunapiga soga." Anasogea karibu zaidi na skrini. "Lakini siku ile watu walisimama wakanikinga. Mengi yalinipita."

Basi hotuba haikuwa shida kabisa. Shida ni kichwa hicho cha nyuma. Mdomo mdogo namna ile, ngoma ikibanwa hata kidogo, unapotea.

"Mpunguzeni shangazi," anasema kinyozi.

"Wifi yangu anacheza kama kakanyaga siafu, ningemfuta leo hii," anasema mama. "Lakini mume wangu yuko nyuma yake. Mwacheni acheze."

Mama Banabana anapitisha kidole kwenye vipande vingine. Maharusi wanashuka kwenye gari. Maharusi wanaingia, hatua moja, wanasimama, hatua moja, wanasimama. Keki. Picha na wageni wote.

"Hapa pana nafasi," anasema.

"Hapo ni mimi na mke wangu!" Kinyozi anaruka. "Harusi ni yangu!"

Mama ameiona midomo yake. "Harusi yako," anasema. "Mume wangu."

Mshona viatu anainamisha kichwa acheke chini kwa chini.

"Mke wangu akijiona tofali, nitalala kwako, Mama Banabana."

"Nyie nitawachomea yenu. Deki yenu si inafunguka?"

Kinyozi anashika kiuno, anapuliza pumzi, anasema haya. Maharusi wanabanwa mpaka gauni linakuwa wingu lenye pembe. Ngoma inamiminiwa. Programu inasema bado imezidi kidogo. Keki inafutwa kabisa.

Sidii ikiwa inachomwa, Mama Banabana anaangalia ukuta wake uliojaa makasha. "Miaka yote nauliza ina saa ngapi, sijawahi kuuliza nani ataangalia, na anamtafuta nani. Nimebana wangapi waliokuwa nyuma wanaongea?" Anampigia seremala simu: anataka rafu imbebee runinga igeukie benchi, mteja akae, aonyeshe kwa kidole kwanza, ndipo yeye aguse namba.

Anaijaribu sidii kwenye deki yake chakavu. Inacheza. Mwishoni mwa ngoma kichwa kile kinainuka mezani, kinatazama ng'ambo, mdomo unaenda, unaenda, unasimama.

Mama ameweka kiganja kifuani.

"Na hapo kasema nini?" anauliza Mama Banabana.

"Hapo hakuwa anawaambia nyie."

Anaichukua sidii, anaitia mkobani. Mwanawe anamwita, mama, ngoja kasha lake. Yeye ameshageuka, anakwenda zake.