Madonge Saba ya Uzi

Dhanlal Rokaya hakujua kutembea mikono mitupu. Tangu alipoanza kuswaga kondoo waliobebeshwa chumvi pamoja na baba yake, alisokota uzi wa sufu njiani, kama wanaume wote wa milima ya Karnali. Mguu unakwenda, kijiti cha kusokotea kinazunguka. Akifika nyumbani, mkewe Jaukala aliyapima madonge kwa kiganja. "Leo umekaa mahali kupiga soga," alikuwa akisema. Wala hakukosea.

Jaukala alikufa wakati wa theluji. Kifua. Mwaka uliotangulia alivuka kipito cha mlimani cha Lagna kwenda kumwomba mbunge zahanati. Mbunge, mtu wa bonde la ng'ambo kama wote waliomtangulia, hakumfungulia hata mlango. Jaukala alirudi na neno moja: "Tupate kiti chetu bungeni."

Basi tume ya kugawa majimbo ilipotua kwa helikopta, Dhanlal alikuwa wa kwanza kufika uwanja wa shule, moyo ukimdunda kama wa bwana harusi. Siku ya kusikilizwa ilikuwa hiyo moja tu. Jioni wageni wangeruka, na mipaka ingekaa miaka ishirini.

Mkuu wa tume, Bi Anupama, alitandaza ramani juu ya meza.

"Mabonde yenu yanapakana. Kilomita kumi na mbili. Na nyinyi mu wachache. Kwa nini mpewe jimbo lenu?"

Jaskarna Shahi, tajiri wa kondoo kutoka bonde la ng'ambo, alikuwa ameomba nafasi kwenye helikopta hiyo hiyo ili aje kupinga. Akasimama.

"Mama, sisi na hawa ni ukuta kwa ukuta. Nikipiga chafya kwangu, Dhanlal ananiombea uzima!"

Watu wakaguna. Phulmati, mdogo wa marehemu Jaukala, akamsukuma Dhanlal kwa kiwiko. "Shemeji, sema! Umemeza ulimi?"

Dhanlal akainuka. Akatia mkono mfukoni, akakuta donge la uzi. Hapo akatabasamu.

"Mama, mimi sikusoma. Ramani siijui. Huku kwetu njia tunaipima kwa uzi. Ningesema umuulize Jaskarna, lakini mkono wake mzito kusokota. Kutoka kwake hadi hapa hamalizi madonge mawili."

"Mawili!" Phulmati akadakia. "Umempa sifa, shemeji. Mkewe hununua uzi sokoni!"

Uwanja mzima ukacheka. Jaskarna akaiva uso. Mwanamume wa kule ukimwita mwizi atacheka nawe, lakini mkono wake wa kusokota sufu usiuguse.

"Saba!" akapiga kelele. "Madonge saba, wewe mzee! Siku tatu nzima, kupanda na kushuka, kijiti hakipumziki! Theluji ikiwapo, siku tano! Kamuulizeni mke wangu!"

Watu wakalipuka kwa shangwe. Kofia zikarushwa juu.

"Siku tatu, ndugu Jaskarna?" Bi Anupama akauliza, kalamu mkononi. "Si umesema ukuta kwa ukuta?"

"Ni... ni kwa mwendo wa kondoo, mama."

"Na mbunge wenu ana mabawa?" Phulmati akauliza.

Bi Anupama akacheka hadi akafuta machozi. "Sheria inatazama wingi wa watu, inatazama na ardhi. Hili naliandika kama lilivyosemwa." Akamgeukia Dhanlal. "Naomba hilo donge."

Dhanlal akasita. Lilikuwa la safari ya mwisho ambayo Jaukala alimngojea mlangoni. Akakata uzi wa urefu wa mkono, akampa huo. Donge akalirudisha mfukoni.

Nafaka ilipovunwa, redio ikasoma majimbo mapya. Wanawake walijazana kwa Phulmati kusikiliza. Jina la bonde lao likatajwa, peke yake, bila la ng'ambo. Phulmati akatoka mbio hadi kwa shemeji yake, kiatu kimoja mguuni, kingine amekiacha njiani.

"Tumepata! Shemeji, tumepata kiti!"

Dhanlal aliingia ndani, akatoka amekumbatia kikapu cha madonge ambayo hayakuguswa tangu theluji iliyomchukua Jaukala. Akamwekea miguuni.

"Fuma."

"Nifume nini?"

"Blanketi la mbunge wetu. Akija alale hapa. Asije akasingizia baridi."