Ipi Inayokata Viungo, Baba?

Hujafa hujaumbika. Fundi seremala huyu walimpachika jina la Chiriku kwa kuongea tangu anafungua karakana mpaka anaifunga. Kiharusi kikaja, kikamlaza mkono na mguu wa kulia, kikamwachia neno moja tu mdomoni: ndiyo. Ukimuuliza kama ana njaa, ndiyo. Kama ameshiba, ndiyo. Hata kichwa kiliitikia chenyewe, atake asitake. Akili lakini ilibaki timamu, na hapo ndipo mateso yalipokuwa.

Siku hiyo mwenye nyumba alitaka arudishiwe karakana yake. Nyumbani kulikuwa na kistoo cha uani, kinachoingia mashine moja, basi. Binti wa Chiriku, kitinda mimba, alikuwa ameacha cherehani na kusema ataendeleza viti vya baba, vile visivyoyumba hata akikalia nani. Mbao angezinunua zimeshapigwa randa. Alichohitaji ni ile mashine ya kukata viungo, na akikosea kuichagua, viti vya Chiriku ndiyo vimekwisha.

"Tumuulize fundi wa jirani," mama mtu alisema. "Mimi nilikuwa naleta chai tu, sijui hata swichi iko wapi."

"Tumuulize jirani na Baba amekaa hapa? Si kumvunjia heshima huko, Mama?"

Heshima nyingine hizi jamani, afadhali mtu angetukanwa.

Binti akapiga magoti mbele ya kiti cha magurudumu. "Baba, ipi inayokata viungo? Hii?" Mkono ameuweka juu ya msumeno wa meza, mkubwa, unaong'aa kwa kufutwa kila jioni.

Siyo huo, mwanangu, Chiriku alisema moyoni. Huo wa kupasulia mbao. Tazama pembeni, kile chuma chembamba chenye mkono wa kuvuta, patasi yake ya pembe nne ina keekee ya kutobolea ndani. Ulimi wa mguu wa kiti utaukata hata kwa msumeno wa mkono. Tundu ndilo linalotaka mashine. Pale unavuta tu, linatoka la mraba, na ulimi ukiingia hauchezi.

"Ndiyo," mdomo ukasema.

Akainua mkono wa kushoto, ule mzima, akauelekeza pembeni. Mkewe akageuka, akaona koti la kazi linaning'inia ukutani juu ya ile mashine. "Maskini, anasikia baridi," akasema, akamvalisha na kumfunga vifungo mpaka shingoni. Hasira zikampanda Chiriku hadi machozi yakamtoka. Binti naye akalia, akidhani baba anaiaga karakana.

Mnunuzi wa vyuma chakavu aliigonga ile mashine kwa ncha ya kiatu. "Keekee imechoka hii," akasema, akaipandisha kwenye mkokoteni pamoja na mashine nyingine. Chiriku aliitazama mpaka ikapinda kona.

Msumeno ukaingia stoo, binti akaanza kazi. Matundu ikabidi ayachonge kwa patasi na nyundo, hili pana, lile limekwenda upande, na mapengo akayaziba kwa gundi na unga wa mbao. Enzi zake Chiriku angekivunja kiti kile mbele ya macho ya binti, amseme weee, halafu amwonyeshe.

Akakileta mpaka alipokaa baba yake. "Baba, nimepatia?"

Chiriku akauma midomo ili lile neno lisitoke. Akaunyanyua mkono wa kushoto akisukume kiti kianguke, miguu ichomoke, mtoto aone mwenyewe. Lakini binti alikuwa amepiga magoti anasubiri, vidole viwili kavifunga kitambaa kwa kujikata na patasi, jasho linamtiririka. Mkono ukakipita kiti, ukatua kichwani kwake.

Binti akacheka, mara ya kwanza tangu baba augue. "Mama, Baba kakikubali," akasema, akarudi stoo kutengeneza vingine kama kile.