Msalaba Niliofungia Boti

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo ningefurahi kuisahau. Lakini kila ukitandaza hiyo ramani yako mezani na kuniuliza wageni waanzie wapi, inanirudia. Keti. Chai iache ipoe kidogo.

Nilikuwa kijana wa chumba kimoja cha kupanga pale Migosi, mjini Kisumu, na mwaka ule ziwa lilikuwa limepanda vibaya, kama lilivyopanda tena juzi juzi. Upande wa Nyakach maji yaliingia mashambani, yakaingia hadi maboma ya watu, na wenyewe wakahamia kwenye mahema uwanjani mwa shule. Watu walilia. Mimi niliona biashara. Wageni wa Kisumu walishachoka kuonyeshwa viboko, nikasema nitawaonyesha kitu ambacho hakuna mwingine anacho: kijiji kilichozama. Nikachora ramani kwa mkono, kutoka mjini hadi Katito, kisha njia ya Kendu Bay, kisha kushuka majini ambako boti ya kukodi ilisubiri. Nikaweka vituo vitatu. Cha kwanza paa la kanisa, cha pili mti mkavu uliojaa ndege, cha tatu boma la mjane mmoja, Mama Atieno.

Hicho cha tatu ndicho kilichopendwa. Nyumba yake ya udongo ilikuwa imezama hadi madirishani, na kando yake, kwenye kaburi la mumewe, msalaba wa mbao ulichomoza kiasi cha urefu wa mkono. Nilihitaji mahali pa kufungia boti wageni wakipiga picha. Nikafunga kamba kwenye ule msalaba. Sikufikiria hata mara mbili, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Sasa hiyo siku. Ilikuwa Alhamisi, nashusha wageni, nikamkuta Mama Atieno ananisubiri ufukweni. Alikuwa amekonda, anakohoa, ameshika mti mrefu kumpita yeye mwenyewe.

"Nyathina," aliniita, kama mama anavyomwita mtoto wake, "nipeleke hapo kwa mzee mara moja tu. Nataka kusimamisha hii mti kando ya msalaba. Maji bado inapanda. Ikifunika, watoto watajuaje mahali ya kuniweka?"

Unajua kwetu mke hulazwa bomani, kando ya mumewe. Na yeye alijua siku zake si nyingi.

"Mama, boti iko na wageni mpaka Jumapili," nikamwambia. "Jumatatu asubuhi nakupeleka mimi mwenyewe."

Akaitazama kamba mkononi mwangu. "Na hii ndio unafunganga kwa mzee wangu?"

Nilicheka, mwanangu. Kilikuwa kicheko cha aibu, lakini yeye alisikia kicheko tu. Hakunigombeza. Aliulaza mti wake kando ya boti yangu na kurudi kwenye hema.

Jumamosi upepo wa mchana ulitukuta kituo cha tatu. Boti ilivutwa, ikarudi, ikavutwa tena. Nikasikia ubao unalia, halafu boti ikawa huru. Msalaba ulielea kidogo pembeni yetu, kisha magugu ya ziwani yakauchukua. Mgeni mmoja alipiga makofi akidhani ndiyo burudani yenyewe. Usiku huo huo ile nyumba nayo ikaanguka.

Jumatatu nilimpeleka, kama nilivyoahidi. Tulizunguka na kuzunguka. Maji yote yalifanana.

"Msalaba iko wapi?" akaniuliza.

"Upepo uliung'oa, mama."

"Upepo peke yake?"

Alinitazama, akangoja. Nikasema, "Ndiyo, mama." Alirudi nchi kavu na mti wake mapajani, na hakunisemesha tena.

Maji yalipotoka yaliacha tope hadi magotini. Alilitembea boma lake siku nyingi na mti ule, akichoma hapa, akichoma pale. Hakuliona kaburi. Alipofariki, wanawe walimzika kwa kukisia. Nilikuwepo, nilishika sepetu, na bado nilinyamaza. Hakuna ajuaye kama amelala karibu na mumewe au hatua ishirini mbali naye.

Sikukatazi biashara, mwanangu. Wageni watakuja, na kazi ni kazi. Lakini naona hapa umeweka alama Asembo Bay, kwenye maboma yaliyozama. Umemuuliza nani? Kabla hujamwonyesha mgeni mahali, nenda kwa miguu yako kwa mwenye mahali. Akikataa, futa. Akiwa na safari yake, mpakie yeye kwanza, na mgeni angoje hata kama amelipa. Na ukiharibu kitu cha mtu, kiri siku hiyo hiyo, angali hai wa kukusikia. Mimi nakiri kwako kwa sababu yule wa kukiriwa nilimwacha afe na uongo wangu.

Mungu akutangulie majini, akurudishe na wote uliotoka nao, na akupe ulimi ambao mimi nilikosa. Haya, shika kalamu. Futa hicho kituo mpaka umwone mwenye boma.