Nafasi Kati ya Nyuzi za Udi

Huku Nyakahura ninakolima sasa, jioni nasikia ng'ombe na redio. Nilipokuwa Biharamulo mjini nilisikia udi. Jirani yetu, mzee muuza vitambaa ambaye ukoo wake ulitoka pwani, aliupiga kila akifunga duka. Mimi nilisikiliza nikiwa uani kwetu, maana niliona haya kuingia kwake.

Kisha akanyamaza. Mkewe alimweleza mama kwamba vidole vya mzee vimenenepa. Akibonyeza nyuzi hizi, anagusa na zile za pembeni. Jumamosi mpwa wake angekuja kuuchukua udi moja kwa moja.

Nilikuwa nachonga miiko na vitana vya pembe. Nilizunguka na maneno mdomoni siku nzima, halafu nikaenda.

"Shikamoo, babu. Naweza kuchonga upya kile kipande cha juu ya shingo ya udi, kinachoshika nyuzi. Nizipe nafasi."

"Marahaba. Kumbe unaongea!"

Nikachonga pembe ya ng'ombe, mifereji yote ikaachana sawasawa, kama nyuzi za inanga, ile ala ya baba kule Bukiriro, ambako kila uzi hukaa peke yake. Mzee akafunga nyuzi, akabonyeza. Sauti ikatoka nusu.

"Umewapa talaka," akasema. "Hizi huenda mbili mbili, mjukuu wangu. Kidole kimoja, nyuzi mbili."

Nikachonga kingine, nikazisogeza pacha hadi zikakaribia kugusana. Zikawa zinagongana, zinakoroma.

Mkewe akacheka kutoka jikoni. "Sasa umewabananisha! Mke na mume wasipopata pa kupumua watagombana tu. Muulize huyo."

Safari hii nikapima kwa njiti za ufagio: nyembamba kati ya pacha, nene kati ya jozi na jozi. Kidole cha mzee kikaenea. Ikatoka ile sauti niliyoizoea, nyuzi mbili zikisema neno moja. Hata leo nikiwa shambani huwa nasimamisha jembe kuitafuta kichwani, na siku nyingine naipata.

Jumamosi mpwa alifika na blanketi la kufungia udi. Akamkuta mjomba wake anapiga. Chai ikapoa.

"Mjomba, basi linaondoka saa nane."

"Liondoke," mzee akasema, bila kuinua macho. "Udi hausafiri."

Mpwa akalikunja blanketi, akalikalia.