Kipa Ajifunza Kuachia

Tarehe 9 Juni 2014 muuzaji huyu wa vyombo vya kioo alipewa cheti cha mfanyakazi bora, kwa kutovunja hata glasi moja mwaka mzima. Cheti kipo mpaka leo, ukutani nyuma ya kaunta. Dukani hakuna anayemwita kwa jina. Wanamwita Kipa, kwa sababu kikombe kikimponyoka mteja, yeye hukidaka kabla mteja hajajua kimemponyoka. Mkono hutangulia, akili hufuata.

Mwaka jana, watoto walipokwisha kuhama nyumbani na jioni zikawa ndefu, alijiunga na klabu ya upanga iliyo ghorofani, juu ya duka la rangi. Si upanga wa kufyekea nyasi. Ni ule wa kale, mrefu, wenye makali upande mmoja, unaokaa ndani ya ala yake kama mkwe mgeni: kwa heshima, na hagusi mtu bila sababu.

"Mtoto akililia wembe, mpe," alisema mumewe. "Sasa mama wa watu wazima akililia upanga?"

"Naye apewe. Wewe kaa mbali tu."

Alitaka kitu kimoja: kushika upanga wa chuma kwenye onyesho la klabu. Lakini mwalimu, ambaye mchana ni fundi bomba, hampi mtu chuma mpaka apite jaribio lake. Katikati ya maelezo, bila kuonya, huachia upanga wa mbao uanguke mbele ya mwanafunzi. Mwanafunzi anatakiwa kunyanyua mikono, kurudisha mguu nyuma na kuuacha uanguke. Chuma kinachoanguka hakidakwi. Mwalimu mwenyewe hana ncha ya kidole cha shahada, na hilo ndilo somo la kwanza.

Kipa aliudaka. Wenzake wakapiga makofi.

"Safi sana," alisema mwalimu. "Vidole vinne kwaheri. Ataviokota nani?"

"Lakini mwalimu, haujagusa sakafu!"

"Sakafu haina vidole, dada yangu."

Ikawa ndiyo hali, wiki baada ya wiki. Aliudaka akiwa amechoka, aliudaka akiwa anapiga chafya. Waliojiunga nyuma yake, akiwemo karani mmoja asiyeweza kudaka hata funguo akirushiwa, walishapewa chuma. Mikono iliyompatia cheti ndiyo iliyomnyima upanga. Wahenga walisema mazoea yana taabu, hawakusema yanatolewaje.

Akaamua kujinoa nyumbani. Mumewe akapewa kazi ya kuangusha mwiko: jikoni, sebuleni, mlangoni mkewe anapotoka kuoga. Kila mara mwiko ulifika salama mkononi. Hadi jioni moja ukalia sakafuni, pa! Wote wawili wakautazama.

"Hongera, bibie. Haya, okota."

"Okota wewe. Mimi nimehitimu."

Jana Alhamisi mwalimu aliachia upanga wa mbao. Kipa akanyanyua mikono, akarudi nyuma, mbao ikagonga sakafu. Safari hii hakuna aliyepiga makofi. Mwalimu alisema tu, "Jumamosi njoo uchukue wako."

Leo Ijumaa asubuhi, dukani, mteja mmoja aliinua bakuli kubwa la kioo, lile la dirishani, akaligeuza kutafuta bei chini yake. Likamponyoka. Kipa alikuwa kando yake kabisa. Alinyanyua mikono yote miwili, akarudisha mguu nyuma, mgongo umenyooka, vizuri kuliko alivyofanya kwa mwalimu.

Bakuli likapasukia sakafuni. Meneja akatoka ofisini, akatazama vipande, kisha akamtazama yeye, mikono bado iko juu.

"Kipa," aliuliza kwa upole, "unajisalimisha kwa nani?"

Hakufukuzwa. Hata cheti hakikushushwa, kwa kuwa kilichoandikwa juu yake kingali kweli. Kesho Jumamosi atakabidhiwa upanga wa chuma. Jumatatu anahamia upande wa sufuria.